Ufito wa Bwana Unyoya

Wanaomkumbuka Priska wa Chiwata wanamkumbuka kwa ukali. "Yule mama alikuwa na ulimi, we!" Husema hivyo wakacheka, kana kwamba ulimi ule ulimwota tu wenyewe kama chunusi. Hakuna anayejisumbua kuuliza ni nani aliyeunoa. Basi mimi nitasema, na anayetaka kununa anune.

Priska alizaliwa Chiwata, kwenye nyumba ya Wakristo wa tangu enzi za mababu, watu wa kengele na kitabu cha sala. Lakini walikuwa pia watu wa mianzi. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na mjomba wake, Bartholomayo, ambaye Jumapili alisoma masomo kanisani na siku nyingine zote alisuka matenga, migono ya samaki na milango. Kwa hiyo binti aliujua mwanzi kabla hajazijua herufi. Alijua kwamba mwanzi haukatwi masika, maana una maji matamu ndani na wadudu dumuzi wataula mpaka ubaki unga. Hukatwa kiangazi, ukiwa umekomaa, ukanyooshwa kwa moto, kisha ukalazwa kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, moshi wa kila siku uupitie. Baada ya mwaka unatoka mweusi kwa masizi, mgumu, na dumuzi hausogelei. Kwao hilo halikuwa somo. Mtoto akipata mwanzi mzuri njiani aliurusha uchagani bila kutumwa na mtu.

Fito za kuvulia walitengeneza vivyo hivyo. Priska alikuwa na wake mwenyewe, mwanzi mzima, mrefu kumpita mara mbili, na mshipi umefungwa nchani. Ufito wa namna ile una faida yake: perege akiuma, unamnyanyua moja kwa moja mpaka majanini, hakuna kubembelezana. Una na ubaya wake pia. Ni mzito wa mbele, mkono unachoka, na kwa kuwa haupindi sana, ukifunga mshipi mwembamba na samaki akawa mkubwa, mshipi unakatika na wewe unabaki umeshika fimbo. Priska alikatikiwa mara nyingi, na kila mara alitukana. Mjomba wake akijifanya hasikii.

Aliolewa na Basil, mtu wa Newala, mrefu, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi hata siku za kazi. Kwa desturi za kule mwanamume huja kukaa ukweni, na Basil alikuja, akalima mihogo, akapanda mikorosho, akajenga. Watoto wawili wakazaliwa, Ethel na Filemoni. Kisha akapata kazi kwa mzungu mpima ardhi aliyejenga nyumba Newala, kule juu ukingoni mwa genge, akataka mke amfuate. Mjomba Bartholomayo hakupenda. Akasema, "Mwanamke haachi maji ya kwao akafuata shati." Priska naye alisita, kwa kuwa kila mtu aliijua Newala kwa kiu. Siku zile maji ya bomba yalikuwa bado. Wanawake wa juu waliamka na jogoo wa kwanza, wakateremka genge lote mpaka bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, jua limeshawaka, na maji yenyewe hayatoshi hata kuosha watoto.

"Kuna tangi," Basil akamwambia. "Nyumba ya bwana ina paa la bati, na tangi la saruji, na sisi tunakaa uani. Hutateremka bonde hata siku moja, mama Ethel."

Basi alikwenda kwa ajili ya tangi. Sioni aibu kulisema hilo kwa niaba yake. Wako walioolewa kwa ajili ya cherehani. Alifungua bomba, maji yakatoka, akajaza sufuria kwa muda ambao wenzake walikuwa hawajafika hata nusu ya genge. Alimchotea na jirani yake Fatu, mjamzito wa miezi mingi, kwa kujificha, maana Basil alikataza. Basil alilitunza tangi lile kuliko bwana mwenyewe.

Bwana huyo alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bwana Unyoya. Kila alipopata nafasi aliteremka Ruvuma kuvua, na ndoana yake hakuitia mnyoo wala panzi, aliifunga manyoya ya kuku na uzi mwekundu, akaitupia mtoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Samaki wa Ruvuma na kuku wapi na wapi?"

Priska alicheka pia, mpaka siku aliyokwenda nao kama mpishi. Alikaa kwenye mchanga, akatazama, akasahau chungu mpaka wali ukashika. Ufito ule ulikuwa mwanzi, ndiyo, lakini hakupata kuona mwanzi wa namna ile. Ulikuwa mwembamba kama wa kuchezea watoto, wa rangi ya asali, umegawanywa vipande vitatu vinavyochomekana kwa shaba, umezungushiwa hariri hapa na pale na kupakwa vanishi mpaka unang'aa. Bwana aliurudisha nyuma, akautuma mbele, na ule unyoya usio na uzito wowote ukaenda mbali, ukatua juu ya maji taratibu. Kisha kambare akaumeza mzaha ule. Priska alisimama. Alijua mshipi utakatika. Haukukatika! Ufito ulipinda kuanzia nchani mpaka mkononi, ukawa unampa samaki na kumnyang'anya, unampa na kumnyang'anya, mpaka kambare mwenyewe akachoka akaja ufukweni kama aliyeitwa.

"Haki ya Mungu, huu ni mzuri," akamwambia mumewe. Aliipigia hesabu mishipi yake yote iliyokatika, akaona wivu wa kweli.

"Mwanzi wa Ulaya," Basil akajibu, kifua mbele, kana kwamba ameuotesha yeye. "Mimi tu ndiye ninayeruhusiwa kuushika. Bwana amenifundisha mambo yake yote."

"Mambo gani?"

"Mambo yake."

Akaishia hapo. Jamani, mtu akiwa na ujuzi kidogo asipougawa, anadhani unaongezeka!

Mwaka uliofuata, mvua zikiwa karibu, bwana akaenda likizo kwao, akamwachia Basil nyumba, funguo na ufito. Basil akauegemeza stoo kwenye kona, ndani ya mfuko wake wa kitambaa uliokuwa bado na maji ya mto, akafunga mlango. Tena siyo kwa ubaya. Ni uvivu tu, ule uvivu wa mtu anayependa kuitwa msimamizi kuliko kusimamia.

Priska ndiye aliyeingia kufagia. Mfuko ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Akaufungua, akaona vanishi imefifia, na kipande cha nchani, kwa kule kuegemezwa, kimeanza kushika upinde. Akaupindua upande wa pili. Haukurudi. Ndipo alipoona kwamba uzuri wote ule nao una gharama yake: mwanzi wa Chiwata unaweza kuuacha nje, mbuzi akaukanyaga, ukavua nao kesho, huu unataka kulelewa kama mtoto njiti.

Akaenda kwa mumewe. "Baba Ethel, ufito wa bwana unaharibika. Umelowa, na unapinda."

"Nani kakutuma uuguse?"

"Nakwambia unaharibika."

"Mwanzi wa Ulaya hauna mambo ya wanawake. Uache ulipo." Akapanda baiskeli, akaenda Masasi kwenye harusi ya binamu yake, akakaa huko wiki nzima akila pilau.

Mvua zikaja. Stoo ikavuja. Priska akavumilia, akashindwa. Jamani, mwanzi unakufa mbele ya macho ya mtu wa mianzi, afanye nini? Alifanya ambacho mama yake angefanya, na bibi yake, na mtu yeyote wa kwao. Akautoa kwenye mfuko, akaufuta, akavitenganisha vile vipande vitatu na kuvilaza vimenyooka kwenye uchaga wa jikoni, juu ya mafiga. Akakoleza moto. Akafurahi, maskini. Basil aliporudi hakuuliza kitu, na stoo hakuingia.

Miezi ikapita. Habari ikaja kwamba bwana ameshuka melini Mtwara, atafika Newala wiki ile. Priska akapanda juu ya kinu kuuteremsha ufito, aufute masizi, aurudishe kwenye mfuko safi alioufua. Akashika kipande cha kwanza. Kikafunguka mkononi mwake. Hakikuvunjika, kilifunguka, kikawa vijiti sita vyembamba vya pembe tatu, na hariri ikaning'inia. Akashika cha pili, nacho vilevile. Kumbe haukuwa mwanzi mmoja! Ulikuwa mwanzi uliopasuliwa, ukachongwa, ukabandikwa tena kwa gundi, na gundi ile imeyeyushwa na moto na mvuke wa vyungu. Akakaa chini jikoni na vile vijiti mapajani.

Aliliona tangi likimtoka. Aliliona bonde, genge, na Ethel naye akibebeshwa mtungi. Zaidi ya yote alijiona mjinga, na kwa mtu kama Priska hilo liliuma kuliko tangi. Akamwita mumewe, akamwonyesha, akamweleza yote bila kuficha.

Basil alibadilika rangi. Akavigeuza vile vijiti. Priska akasema, "Tutakwenda wote wawili. Tutamwambia tumekosa, tuliuweka pabaya kwa kuwa hatukujua. Akifukuza atufukuze wote. Siyo hivyo, baba Ethel?"

"Ndiyo," Basil akasema. "Hatukujua."

"Niapie."

"Naapa. Mimi na wewe."

Wiki ile yote Priska alijilaumu. Alipika bila chumvi, aliwapigia watoto kelele, alisali. Alimwambia Fatu, "Mimi ni mpumbavu, shoga yangu. Ujuzi wa kwetu umenitia aibu." Na Basil alikuwa anamsikia anavyojitukana, anakula ugali wake, ananyamaza. Hapo ndipo mimi ninaposhindwa kumsamehe.

Bwana alifika mchana, mwekundu kwa jua, akawasalimu vizuri, akawapa watoto peremende. Kisha akasema, "Basil, lete ufito." Wakasimama mbele yake barazani, Basil akautandaza mfuko juu ya meza. Mzungu akavitazama vile vijiti. Akavishika kimoja kimoja, maana ufito ule, ilikuja kujulikana, ulikuwa wa marehemu baba yake.

"Basil! Mimi nasema nini kwako? Mara ngapi mimi nasema? Hapana acha na maji! Hapana weka karibu na moto! Hii iko gundi, gundi, gundi! Mimi nakuonyesha na mkono yangu!"

Priska akageuka polepole akamtazama mume wake. Kwa hiyo alijua. Alijua alipouegemeza ukiwa umelowa, alijua alipoambiwa unaharibika, na alijua wiki nzima mwanamke akijiita mpumbavu mbele yake. Neno moja tu lingetosha, usiuweke motoni, na hakulitoa, kwa sababu lilikuwa siri yake ya ukubwa. Damu ilimpanda Priska mpaka masikioni. Lakini hata hapo alisubiri. Aliapiwa. Alisubiri Basil aseme walichokubaliana.

Basil alikuwa anatazama viatu vya bwana.

"Nilimwambia, bwana," akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Nilimwambia huyu mwanamke mara nyingi. Usiuguse, nikamwambia. Usiuweke motoni. Hasikii. Wanawake wetu hawa, bwana, ni watu wa porini."

"Mwongo!" Priska alipiga ukelele hata Ethel akatoka mbio uani. "Mwongo wewe! Hukuniambia! Mungu anasikia, hukuniambia kitu!"

"Unaona, bwana, adabu yake."

Mzungu alimtazama Priska kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia bustanini. Hakumuuliza swali hata moja. Kwa nini amuulize? Alikuwa na mwanamume wake wa shati jeupe aliyemjibu vizuri. Akasema Basil ni mtu mzuri, atabaki kazini. Mwanamke huyu atoke. Asimwone tena karibu na nyumba yake, wala jikoni, wala kwenye tangi. Akavikusanya vijiti vyake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basil alimfuata mkewe jikoni, mikono mbele, akinong'ona. "Mama Ethel, nisikilize. Nimeokoa kazi. Nimeliokoa tangi. Utakaa kwa Fatu mwezi mmoja tu, hasira zake zitashuka, nami usiku nitakuletea maji, ndoo kwa ndoo. Nimefanya kwa ajili yenu!"

"Kwa ajili yetu?" Priska alikuwa anafunga vyungu kwenye kanga. "Ungesema nimeufisidi, ningekubali, niliuweka mimi kwa mikono yangu. Lakini umesema uliniambia. Umeniweka mbele ya mtu yule niwe mnyama asiyesikia maneno, na wewe ndiye uliyekuwa nayo maneno umeyalalia! Kalinywe tangi lako. Kaoge ndani yake!"

"Punguza sauti, bwana atasikia."

"Na asikie!"

Wenye methali zao husema hasira ni hasara. Sawa. Lakini iko siku mpole ndiye mwenye hasara kubwa zaidi. Priska alitoka na watoto, wakapita kijiji cha Makote watu wakiwatolea macho, wakalala njiani kwa watu wa kanisa, na kesho yake wakafika Chiwata. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Mzee Bartholomayo akautazama mzigo. Akaenda kuifagia ile nyumba waliyoiacha.

Basil alichelewa kuja. Alidhani mwanamke atachoka kuishi bila mume, atarudi mwenyewe. Mikorosho ikachanua, mihogo ikang'olewa, hakuna mtu. Ndipo alipopanda baiskeli, akaja, shati limepigwa pasi vibaya, kola imekunjamana. Wakakaa barazani kwa mjomba, wazee wawili wa ukoo pamoja nao, na Priska kwenye mkeka wake, mgongo umenyooka.

Basil akaomba radhi. Aliomba vizuri, sitamnyima hilo. Alikiri kwamba aliambiwa mambo ya gundi na hakuyasema, alikiri kwamba aliapa akavunja kiapo, akalia kidogo. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika; mmoja akaanza kutafuta ugoro wake, kama shauri limekwisha.

"Umesikia, mama," mjomba akamwambia Priska. "Mumeo amejishusha. Una neno?"

"Ninalo, mjomba. Aliyoyasema ni kweli. Ayaseme kwa yule mzungu."

Basil akainua uso. "Nimekuomba hapa, mbele ya wakubwa wako."

"Hapa hukunitukana. Kule ndiko ulikoniita mtu wa porini, na kule ndiko utakakoniomba radhi. Simama palepale barazani umwambie: bwana, mke wangu hakuambiwa. Maneno hayo tu. Ukimwambia, narudi nawe leo hii, hata kama atatufukuza, tutateremka bonde pamoja na nitabeba mtungi bila kunung'unika."

"Atanifukuza kazi, Priska."

"Mimi nilifukuzwa. Umeniona nimekufa?"

Mjomba Bartholomayo akamtazama mkwewe, akasema taratibu, "Jibu, baba. Utakwenda kumwambia?"

Basil akatazama miguu yake, vilevile kama alivyotazama viatu vya bwana. "Hilo siliwezi," akasema.

"Basi umekwisha kuchagua," Priska akasema, akakunja mkeka, akaingia jikoni. Suala la watoto halikujadiliwa hata kidogo. Kule watoto ni wa ukoo wa mama, na Basil alilijua hilo tangu siku alipokuja kuposa.

Akaichukua baiskeli yake penye ukuta. Filemoni alikuwa anacheza na wenzake, hakumwona. Ethel akatoka jikoni na kata ya maji ya mtoni, maji ya baridi, akapiga goti kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akautazama mlango wa jikoni. "Mama yako amesemaje?"

"Amesema unywe. Kule kwenu ni mbali."

Basil akanywa yote, akarudisha kata, akaanza kuupanda mlima akiisukuma baiskeli.